Bakuli Lililobaki Getini

Tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Nikiwa nagawa uji mtu ananiuliza nilikula nini huko nje. Nikiwa nafua mwingine anataka kujua kama ni kweli barabara ya Karatina siku hizi imekuwa mbili. Wa seli ya nne mnauliza kama niliwaza kutoroka. Nimeona heri niandike mara moja kwenye daftari hili, lizunguke bloku yote, na naomba lirudi na kurasa zake. Anayetaka karatasi ya kusokotea sigara atafute Biblia kama kawaida yake.

Mambo ya barua na mihuri nayaruka, maana mnayajua. Kwa mlioletwa juzi, mimi ni Kimani, nyapara wa jikoni, yule anayesimama na mwiko. Nimemaliza miaka tisa na nimebakisha mitano. Nilimsukuma ndugu yangu Njoroge tukigombania mpaka wa majani chai. Akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa saruji pale kituo cha kuuzia majani. Nilimsukuma mara moja tu. Hakuamka. Nilikamatwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hata mazishi yake sikuyaona.

Mama hakuja kunitembelea hata siku moja katika ile miaka tisa. Mwezi uliopita alifariki, na dada yangu Wairimu, aliyeolewa Kutus, akaniombea ruhusa ya siku moja nikamzike. Nilitaka kitu kimoja, kuweka udongo kwenye kaburi la mama kwa mkono wangu. Na kulikuwa na mtu mmoja niliyemwogopa kuliko afande yeyote, binti wa Njoroge.

Anaitwa Nyokabi, jina la mama. Kwetu binti wa kwanza wa kijana huitwa jina la mama ya kijana huyo, na anayebeba jina la mama yako ni mama yako, hata kama bado ananyonya. Tangu azaliwe nilimwita maitu, yaani mama yangu. Naye alijifunza kuniita kijana yake kabla hajajua kufunga viatu. Nikitoka shambani nimechelewa ananisimamia mlangoni, miaka minne, mikono kiunoni, ananiuliza, "Kijana yangu, umekula?" Watu wote wanacheka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu nilipomuua baba yake. Sijamsikia tena.

Kutoka getini mpaka Karatina

Tulitoka saa moja asubuhi. Walionipeleka ni wawili. Afande Nderitu mnamjua, sajini mwenye goti bovu, mtu wa Nyeri hii hii, anayesema maneno machache na kuyarudia. Wa pili ni Koplo Wafula, dereva, aliyeletwa kutoka Bungoma juzi na alikuwa ameitwa kazini kabla likizo yake haijaisha. Bwana mkubwa wa gereza alisema wavae nguo za raia wasitishe waombolezaji. Nderitu alivaa koti la kanisani. Wafula alikuja na sweta iliyotoboka kiwiko, na ndevu za wiki mbili. Mimi niliazimwa suti ya kijivu na kasisi, na kwa kuwa kasisi ni mnene, niliishikilia kwa mshipi wa sisal uliosukwa na Mburu wa seli ya pili. Asante, Mburu. Mshipi ulishika mpaka jioni.

Garini nilifungwa pingu na Nderitu kiti cha nyuma. Tukishuka nafungwa na Wafula, kwa sababu Nderitu hataki goti lake livutwe.

Tulipita Ruring'u watu wakifungua biashara. Magari ni mengi kuliko zamani na kila mtu anatembea akitazama simu, lakini hayo mmeyasikia kwa wageni. Kilichonishangaza ni kwamba hakukuwa na foleni. Watu wanatembea kila mmoja upande wake, mmoja anasimama, mwingine anageuka anarudi alikotoka, na hakuna anayemwuliza. Nilitazama hilo mpaka tukapita uwanja wa michezo.

Na ndiyo, barabara ni mbili. Za kwenda huku, za kurudi kule, katikati nyasi. Aliyeniambia hivyo hakudanganya.

Karatina tulikwama karibu na soko nyuma ya lori la kabeji ambalo mwenyewe alikuwa ameshuka kubishana na mtu. Ilinuka vitunguu na viazi vibichi, na mimi nilianza kuhesabu kichwani gunia zile zingetosha chakula cha siku ngapi hapa kwetu. Wafula akasema tushuke tunywe chai. Nderitu akakataa. Akasema tutakula matangani, watu wakifiwa hupika, na Kutus si mbali.

Nikauliza kwa adabu, kwa nini Kutus? Nikamwambia kwetu ni Kangari, na mama anazikwa kwetu.

Nderitu akatoa karatasi mfukoni, akaisoma akisogeza midomo, akanionyesha. Ilikuwa imeandikwa Kutus, kwa kuwa ndiko anakokaa Wairimu aliyeomba ruhusa. Nikamwambia hilo pia.

"Kimani," akasema, "mimi naenda na karatasi. Nikienda na maneno ya mfungwa, kesho tuko ndani na wewe."

Sikukasirika. Mimi mwenyewe napika kwa karatasi. Ikiandikwa maharagwe na stoo iko na ndengu, napika nini? Napika ndengu, lakini kwanza nabishana nusu saa. Nderitu alijaribu kumpigia Wairimu simu na haikushikwa, na lori la kabeji likasogea.

Karatina mpaka Kutus

Sagana tuliacha barabara kubwa tukakata kushoto, kuelekea Kagio. Kangari iko upande ule mwingine. Niligeuza shingo nikaitazama ile njia ya Murang'a ikibaki nyuma, na hapo niliumia, sitaficha. Nilijua mazishi ya kwetu hayangojei mtu, mchungaji anakuwa na mengine mawili siku hiyo hiyo.

Kagio walikuwa wanapakia nyanya. Masanduku ya mbao, nyanya nyekundu mpaka juu, na chini ya kila sanduku zile zilizopasuka wanatupa kando ya barabara kama takataka. Nilimwomba Mungu asinionyeshe vitu kama hivyo wakati ninajua supu ya huku.

Kutus tulifika saa tatu na nusu. Ploti ya Wairimu ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mama wa mlango wa pili alikuwa uani anaanika nguo. Akatuambia watu wote walitoka alfajiri kwa basi wakaenda Kangari, na yeye ameachwa aangalie kuku. Nderitu akaikunja ile karatasi mara nne na hakuitaja tena siku hiyo.

Yule mama alitazama pingu, akanitazama usoni, akasema ninafanana na Wairimu. Kisha akaingia ndani. Alitoka na chupa ya chai, vikombe vitatu na sahani ya chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Nilizisikia harufu kabla hajafunua. Zilikuwa za tabaka, za mtu anayejua kukanda.

Nderitu alimwambia pole pole kwamba mfungwa haruhusiwi kupokea chakula ila kutoka kwa mtu wa familia, na lazima askari aonje kwanza.

"Mimi ni jirani," mama akasema.

"Najua, mama. Jirani si familia."

"Huku kwetu ni familia."

"Kwa kitabu cha sheria si familia," Nderitu akasema. Halafu akaongeza kitu ambacho kilimuumiza Wafula kuliko mimi. Alisema kama mfungwa hali, wao pia hawali. Wafula alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliurudisha akajikuna nao shingoni.

Mama akafunika chapati zake. Alikuwa amekasirika na hakuficha, lakini tulipoondoka alikuja mpaka kwenye gari akatuombea safari njema.

Sagana, mara ya pili

Njia ile ile, nyanya zile zile. Sagana Wafula aliweka mafuta, nami nikaomba kwenda haja. Kwa hiyo nikafungwa naye, tukatembea pamoja kando ya barabara mpaka chooni na kurudi, mimi na suti ya kasisi, yeye na sweta yake.

Kuna mama anauza ndizi na maembe pale. Alitutazama tukienda. Tulipokuwa tunarudi akasimama katikati ya njia, akamshika Wafula mkono, ule usio na pingu.

"Na wewe bado ni kijana," akamwambia. "Mama yako anajua uko hivi?"

Wafula akamwambia mama yake anajua.

"Na anakula kweli? Analala kweli?" Akanigeukia mimi kwa heshima. "Afande, mnawafunza huko ndani, ama mnawaweka tu?"

Nilimwambia tunajitahidi. Nifanye nini jamani? Aliniita afande. Nderitu alikuwa ameegemea gari anatusikia, na nilimwona mabega yakitikisika, mtu ambaye sijamwona akicheka tangu aletwe bloku yetu. Mama akachagua ndizi mbili zilizoiva sawasawa, akamwekea Wafula mkononi, akasema, "Kula, na ukitoka uwache hiyo mambo."

Wafula aliahidi kuacha. Alikula zote mbili garini, moja baada ya nyingine, akisema yeye si mfungwa kwa hiyo kitabu hakimhusu, na kwamba lile jambo la kutokula liliisha Kutus. Nderitu alitazama nje ya dirisha. Mimi nilibaki na harufu.

Hapo ndipo Wairimu alipopiga simu. Nderitu aliweka sauti kubwa nisikie. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa. Alisema programu inaonyesha kaburini ni saa saba kamili, na mchungaji amesema hatasubiri. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nderitu alimwambia tunakuja, na akamwambia Wafula aendeshe kama mtu aliyekula.

Murang'a na kupanda

Murang'a tulipita bila kusimama, na Maragua pia. Kule chini ni migomba, maparachichi na kahawa, halafu barabara inaanza kupanda na kila kona inaondoa kitu, mgomba unapotea, kahawa inapotea, mpaka inabaki chai peke yake na baridi. Nilifungua dirisha. Nderitu hakuniambia nifunge.

Saa sita na nusu tulikuwa tumekaribia kabisa. Tulitoka kwenye lami tukaingia barabara ya udongo, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mbele yetu lori la majani chai lilikuwa limeteleza, matairi ya nyuma mtaroni, limelala upande likiziba njia nzima. Watu kama ishirini walikuwa wanasukuma, wengine kama thelathini wanashauri.

Tulikaa. Wafula alishuka akasukuma, akarudi na matope mpaka magotini. Saa saba ikafika. Nilijua sasa wanambeba. Ikafika saa saba na nusu. Nilijua sasa wameshusha, mchungaji amemaliza, watoto wanaitwa kwa mpangilio kuweka udongo, na jina langu limerukwa kwa sababu hakuna wa kuitika. Nderitu alikuwa anasugua goti lake.

Mzee mmoja alikuja dirishani. Nilimtambua kwa kofia kabla ya sura. Ni Gatheru, jirani yetu, aliyekuwa kwenye foleni ya majani siku ile. Yeye ndiye alisema mahakamani alichokiona, na alisema kweli.

"Kimani," akasema. "Umezeeka."

Nikamwambia ndiyo.

"Mama yako yuko kaburini saa hii." Akatazama pingu, akatazama lori. Kisha akamwambia Nderitu kwa Kikuyu kwamba kwa gari hatufiki leo, lakini kwa miguu kuna njia kati ya majani, robo saa. Angetupeleka mwenyewe.

Nderitu alifikiria goti lake, nilimwona akilifikiria. Halafu akafunga gari.

Wa seli ya nne, hapa ndipo jibu lenu. Njia kati ya chai, nazijua zote, sajini mwenye goti moja na koplo asiyejua pa kukanyaga. Hapana, sikuwaza. Nilikuwa nakimbilia mahali, na kukimbia kwenyewe nilikuwa namvuta Wafula.

Kwa miguu

Chai ilikuwa imetoka kuchumwa, juu tambarare kama meza. Ilitulowesha mpaka kiunoni. Gatheru mbele, mimi na Wafula, Nderitu nyuma akihema. Wafula akauliza kama kuna nyoka.

Njia ile inatokea kituo cha kuuzia majani. Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimejiandaa. Wamekipaka rangi ya kijani na kuezeka upya. Ukingo wa saruji uko pale pale. Mama mmoja alikuwa ameukalia, amefungua viatu, anatoa matope kwa kijiti.

Nilisimama. Sikutaka kusimama, miguu ilisimama. Wafula akavutwa nyuma na pingu akauliza kuna nini.

"Ni hapa," Gatheru akamwambia.

Nderitu alitufikia, akatazama ukingo, akatazama saa yake. Akasema, "Twende, Kimani." Akasema tena, "Twende."

Nyumbani

Tulitokea nyuma ya zizi la ng'ombe. Hema zilikuwa mbili, nyeupe, na watu wengi walikuwa wamekaa na sahani magotini. Hilo lilinimaliza. Kwetu watu hula baada ya kaburi. Nilijua tumechelewa.

Wairimu alinijia mbio. Tulishikana kama tulivyoweza, na Wafula akiwa katikati yetu. Nikamwambia pole, na kwamba nimeona watu wanakula.

"Mchungaji amemaliza ameenda," akasema. "Watu wameweka udongo. Lakini kaburi haijafungwa."

Nikauliza kwa nini.

"Binti ya Njoroge amekataa. Wazee wamegombana naye mpaka wamechoka. Amesimama hapo na jembe yao na hataki kuitoa."

Nikamwuliza anataka nini. Wairimu akasema nimwulize mwenyewe.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya hukumu. Tulitembea kati ya hema na sauti za vijiko zikakoma. Watu walinijua wote. Wengine walinipa mkono, wengine walitazama sahani. Hakuna aliyenitukana. Kando ya boma, chini ya mikaratusi, wanaume wanne walikuwa wameegemea mti mikono imekunjwa, na mbele yao kaburi la mama, limejazwa mpaka nusu, na rundo la udongo mwekundu kando.

Kando ya hilo kulikuwa na kaburi jingine, la zamani, lina msalaba wa chuma na maua yaliyopandwa na kupaliliwa. Sikuwa nimewahi kuliona.

Nyokabi alisimama kati ya makaburi mawili ameshika jembe kwa mpini. Ana miaka ishirini na miwili sasa. Ana kimo cha Njoroge na paji la uso la mama. Hakunisalimu na hakuniita chochote.

Nderitu alitoa ufunguo bila kuambiwa. Akafungua pingu yangu, akaiacha ining'inie mkononi mwa Wafula, na wote wawili wakarudi nyuma hatua mbili.

"Weka," Nyokabi akasema.

Nilichota udongo kwa mikono miwili. Ulikuwa umelowa, mzito. Niliushusha pale ambapo nilidhani kichwa cha mama kipo. Nilimwambia mama maneno ambayo hayako kwenye daftari hili. Nililia, na sikujali nani anaona.

Nilipoinuka Nyokabi alikuwa bado hajasogea.

"Weka na ya baba," akasema. "Yeye pia hukumzika."

Ndiyo sababu alikataa lifungwe. Kaburi la mama likishafungwa watu wangepanda maua, udongo ungefagiwa, na mimi ningeonyeshwa tu mahali kisha nirudishwe. Alitaka niukute udongo umelundikwa, na kazi inayongoja.

Nilichota tena. Kutoka rundo la mama mpaka kaburi la Njoroge ni hatua nne. Nilizitembea mbele ya watu wote na udongo ukianguka kati ya vidole. Nilipiga magoti nikauweka katikati ya maua yale. Sikuwa na maneno ya Njoroge, nilikuwa nimeyamaliza yote ndani ya miaka tisa. Nilisema jina lake tu.

Nyokabi akawarudishia wale wanaume jembe lao. Akaondoka kuelekea jikoni bila kugeuka. Wakaanza kufunga, na Wafula, sijui nani alimwambia, alichukua koleo akasaidia, pingu ikining'inia mkononi.

Kurudi

Saa tisa Nderitu alisema tuondoke. Kurudi ndani ni saa kumi na mbili na hajawahi kuchelewa. Nilimuaga Wairimu, Gatheru akasema lori limetolewa, na Wafula akanifunga tena.

Tulikuwa tumefika nyuma ya zizi Nyokabi aliposema nyuma yetu, "Ngojeni."

Alikuwa na bakuli la plastiki la buluu lenye mfuniko, na kijiko juu yake. Alisimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni, akaitazama suti, mshipi wa sisal, na nafikiri aliona jinsi mwili ulivyopungua ndani.

"Umekula?" akauliza.

Nikamwambia bado, tangu asubuhi.

Akanyoosha bakuli. Nderitu akaweka mkono wake kati, si kwa ubaya. Uso wake ulionyesha kwamba hakufurahi. Alimweleza kitabu, kama alivyomweleza yule mama wa Kutus, kwamba ni familia tu na lazima aandike aliyeleta chakula ni nani. Kisha akanigeukia.

"Kimani, huyu ni nani yako?"

Nilifungua mdomo. Neno nililijua, ni la kwanza nililomwita siku aliyozaliwa. Lakini mtu hawezi kulichukua tu baada ya yale niliyoyafanya, na mpwa pia sikuwa na haki ya kusema. Nilitazama chini.

"Andika mimi ni mama yake," Nyokabi akasema.

Wafula alimtazama yeye, akanitazama mimi mwenye mvi. "Mama yake? Kivipi?"

"Anaitwa nani?" Nderitu akamwuliza.

"Nyokabi. Kama yule tumezika."

Nderitu ni mtu wa Nyeri, mambo yetu ya majina anayajua. Alitoa daftari lake dogo, akaandika polepole, akalirudisha mfukoni. "Ni mama yake," akamwambia Wafula. "Onja."

Wafula alionja kijiko kimoja cha sheria. Akaonja cha pili, akasema cha kwanza hakukisikia vizuri. Nyokabi akamnyang'anya kijiko akanipa mimi.

"Kula, kijana yangu," akasema. Hakutabasamu, na sauti ilikuwa ngumu. "Na hiyo bakuli ni ya nyumba. Usiipeane. Nitaikujia mwenyewe."

Akageuka akarudi jikoni.

Basi, mliouliza nilikula nini: ni mukimo. Viazi, mahindi, majani ya malenge, ndizi mbichi kidogo, na vipande viwili vya nyama vilivyofichwa chini kabisa ambapo mama alikuwa akivificha. Nilikula kutoka Kangari mpaka karibu na Murang'a kwa mkono mmoja, Wafula akipunguza mwendo kwenye kona. Chumvi ilikuwa kidogo. Ningeongeza.

Getini tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Vyombo vya nje haviingii, mnajua, kwa hiyo bakuli lilibaki kwenye kabati la stoo ya geti, limeoshwa, na Nderitu mwenyewe aliandika jina kwenye kipande cha plasta akalibandika. Hakuandika langu. Aliandika Nyokabi.

Kila asubuhi nikipeleka uji wa askari naliona kwenye rafu. Siku ya wageni ni Jumapili ijayo. Mburu, naomba uniazime tena ule mshipi.